Fedha za mbegu za utafiti wa picha za tiba zinadaiwa zisichoweza kulipa

Ndugu Mhariri,

Mkulima makini hajazi shamba zima mbegu asiyoijua. Huhesabu punje mia, akazifunika kwenye kitambaa kibichi, na baada ya siku chache akahesabu zilizochipua. Zikichipua tisini, anapanda kwa nafasi yake ya kawaida. Zikichipua sitini, anaongeza punje kwenye kila shimo au anairudisha mbegu dukani. Hakuna anayemsimamia pale penye kitambaa akimuuliza atavuna magunia mangapi.

Ruzuku ndogo ya kuanzia utafiti, ambayo wengi wetu tunaiita fedha za mbegu, ndiyo kitambaa hicho. Tunaandika kuhusu eneo tunalolifanyia kazi, yaani picha za tiba: eksirei, altrasaundi, CT (eksirei inayouonyesha mwili kipande kwa kipande) na MRI (picha zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku). Kilio cha uchache wa fedha kimeshaandikwa sana, na ni kilio cha haki, kwa kuwa Umoja wa Afrika uliazimia mjini Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake la ndani kwa utafiti. Leo tunaleta jambo jingine. Hata hizo chache zinazopatikana mara nyingi hutolewa kwa masharti yanayozizuia kuzaa. Fomu inadai magunia kwenye kitambaa.

Swali linaloharibu maombi mengi ni hili: je, mtathibitisha kwamba njia yenu inafanya kazi? Mwombaji anaogopa kusema hapana, anaandika ndiyo, kisha anaahidi kuthibitisha kwa wagonjwa 20. Tufanye hesabu. Tuseme njia mpya ya altrasaundi imewakamata wagonjwa 16 kati ya 20 wenye ugonjwa. Ripoti itaandika asilimia 80. Lakini kwa watu 20 tu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 56 na 94. Ukiwa 56, njia hiyo haipishani sana na kubahatisha. Ukiwa 94, ni njia ya kupelekwa kila hospitali ya wilaya. Mganga mkuu wa mkoa hawezi kuamua lolote kwa namba pana namna hiyo, wala Wizara haiwezi.

Kuibana namba hiyo hadi ipungue au izidi kwa pointi 5 tu kunahitaji wagonjwa 246 wenye ugonjwa wenyewe. Kama mmoja kati ya kumi wanaofika kliniki ndiye mwenye ugonjwa, italazimu kupima watu 2,460. Kazi hiyo haibebwi na fedha za mbegu. Kinachobebwa na fedha za mbegu ni kujua kama kweli ni mmoja kati ya kumi. Ikigundulika ni mmoja kati ya ishirini, utafiti mkubwa unahitaji watu 4,920, na ni heri kulijua hilo kabla bajeti haijasainiwa kuliko kulijua mwezi wa kumi na nane fedha zikiwa zimekwisha.

Kuna jambo moja ambalo sampuli ndogo inalifanya vizuri mno, nalo ni kufichua kasoro. Ukipima watu 59, una uhakika wa asilimia 95 kwamba kasoro inayompata mtu mmoja kati ya 20 itajitokeza walau mara moja. Kasoro ya mmoja kati ya 10 inahitaji watu 29 tu. Kasoro zenyewe ni za namna gani? Ni mgonjwa asiyeweza kuzuia pumzi kwa sekunde zinazotakiwa, picha ikatoka na ukungu. Ni namba ya mgonjwa iliyoandikwa kwa mstari wa kati mapokezi na bila mstari chumba cha eksirei, kompyuta ikamhesabu kuwa watu wawili. Ni saa ya mashine iliyorudi nyuma baada ya betri yake ndogo kufa, picha za leo zikabeba tarehe ya miaka iliyopita na kushindwa kuoanishwa na majibu ya maabara. Ni fundi aliyekuja kuhudumia mashine katikati ya utafiti, akaweka toleo jipya la programu, na picha za Machi zikawa hazilingani tena na za Januari. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonekana ukiwa umekaa mezani kuandika andiko.

Tuchukue kifua kikuu, mfano ulio karibu na kila msomaji. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinazosoma eksirei za kifua zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuwachuja watu wa miaka 15 na kuendelea. Programu hizi za akili mnemba hazisemi huyu ana TB na yule hana. Zinatoa alama, na anayezitumia ndiye anayepanga kizingiti: kuanzia alama fulani, mtu apelekwe kutoa makohozi. Shirika hilo limeandaa pia mwongozo wa kukipima kizingiti upya kila mahali programu inapopelekwa, na sababu yake iko wazi. Mchimbaji wa Mirerani aliyevuta vumbi la silika kwa miaka ana vinundu na makovu kwenye mapafu yanayofanana sana na TB. Aliyewahi kuugua akapona ana makovu pia. Programu inawapandishia wote alama, na kizingiti kilichopangwa kwa watu wa nchi nyingine kitawapeleka maabara mamia ya watu wasio na vimelea, mpaka katriji za kupimia makohozi ziishe. Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, mambo hugeuka: TB inaweza kuwapo na picha ikaonekana karibu safi.

Kupima kizingiti ni kazi halisi ya fedha za mbegu, ila ina mtego. Kila mshiriki lazima apigwe eksirei na atoe makohozi, alama yake iwe juu au chini. Bajeti ikibana, wa kwanza kukatwa ni wale wa alama za chini, kwa hoja kwamba wanaonekana wazima, ya nini kuwapotezea katriji? Hapo utafiti umeshakufa. Wagonjwa waliokoswa na programu hawatajulikana kamwe, na programu itaonekana imewakamata wote. Afadhali kupima watu 150 kikamilifu kuliko 400 kwa kuchagua.

Kwenye kazi hiyohiyo, mambo madogo ya chumba cha eksirei yana nguvu kuliko programu yenyewe. Nywele zilizosukwa zikiangukia mabegani hutoa michirizi myeupe juu ya ncha za mapafu, na ncha za mapafu ndiko TB hupenda kukaa. Jicho la mtaalamu linaweza kugundua kuwa ni misuko. Programu inaweza kuisoma kama ugonjwa. Vivyo hivyo kulabu za sidiria, mikufu, hirizi ya kifuani na vifungo vya chuma. Suluhisho ni kitambaa cha kufungia nywele juu ya kichwa na gauni la hospitali, vitu vya bei ndogo kabisa. Lakini lazima utafiti wa awali uhesabu picha ngapi kati ya mia zimeharibiwa hivyo, ili gauni na kitambaa viingie kwenye mwongozo wa kazi kabla mashine haijapelekwa vituo arobaini.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni mafaili. Kipande kimoja cha CT ni gridi ya nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, yaani karibu nusu megabaiti. Kifua kilichokatwa vipande 300 ni megabaiti 150. Mashine ikitengeneza seti mbili, moja ya mapafu na nyingine ya tishu laini, ni megabaiti 300 kwa mgonjwa. Wagonjwa 200 ni gigabaiti 60, na ukiweka nakala tatu mahali tofauti ni 180. Diski ya kuzibeba haina gharama ya kutisha. Kinachoangusha watafiti ni namna ya kuzitoa kwenye mashine.

Picha ya CT ikiwa katika muundo wake wa asili, ule wa DICOM, hubeba ngazi 4,096 za kijivu, na kila ngazi ina maana: maji ni 0 na hewa ni −1,000 kwa kipimo cha Hounsfield. Mtu mwenye haraka akiihamisha kama JPEG ya kawaida, anabaki na ngazi 256. Akiipiga kwa simu kwenye kioo cha kompyuta na kuituma WhatsApp, anabaki na pungufu ya hapo, pamoja na mng'ao wa taa ya dari. Kwa daktari anayeomba ushauri usiku wa manane hilo linaeleweka. Kwa utafiti ni hasara isiyorudi, maana kipimo kilichokuwa ndani ya picha hakiwezi kurejeshwa. Tunashauri mtu yeyote anayeanza atoe mafaili ya wagonjwa watano wa kwanza, ayafungue kwenye kompyuta nyingine, apime hewa iliyo nje ya mwili, na ahakikishe inasoma karibu na −1,000. Dakika kumi za kazi hiyo zinaokoa miezi.

Halafu kuna kuficha majina. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si la hiari. Wengi wanaendesha programu inayofuta jina, namba na tarehe ya kuzaliwa kwenye kichwa cha faili, wakaridhika. Kwenye altrasaundi jina limechapwa ndani ya picha yenyewe, kwenye ukanda wa juu, na programu hiyo hailigusi. Kwenye CT, ukurasa wa ripoti ya dozi huhifadhiwa kama picha, nao una jina. CT au MRI ya kichwa yenye vipande vyembamba inaweza kuunganishwa ikatoa sura ya mtu, pua na midomo, kiasi cha kutambulika na jirani yake. Kwa hiyo lazima mtu akae, afungue kila seti na kuitazama kwa macho. Mtu huyo anahitaji mshahara, na mshahara wake ndio wa kwanza kufutwa na wasomaji wa bajeti wanaouliza: msaidizi wa data wa nini kwenye mradi mdogo?

Wasomaji wa picha nao hudhaniwa ni wa bure. Daktari bingwa wa radiolojia anaombwa asome picha 100 za utafiti baada ya zamu, bila malipo, na mwenzake vivyo hivyo. Anazisoma saa tatu usiku akiwa amechoka, au anamuuliza mwenzake ameonaje, na uhuru wa usomaji unapotea. Kisha ripoti inajivunia kwamba walikubaliana kwa asilimia 90. Angalia picha 100: wote wawili wanasema hapana kwa 88, wote wanasema ndiyo kwa 2, na wanatofautiana kwa 10, tano kwa kila upande. Makubaliano ni asilimia 90 kweli. Lakini kwa kuwa ugonjwa ni adimu, asilimia 87 ya makubaliano yangepatikana hata kama kila mmoja angesema ndiyo na hapana kwa bahati tu. Ukiondoa bahati hiyo, kipimo kiitwacho kapa kinatoka 0.23, yaani makubaliano dhaifu. Wasomaji hao wanahitaji kukaa pamoja na picha 20 za mafunzo, wakubaliane wanaita nini kidonda na wanaita nini kivuli, ndipo waanze. Ikiwa mtu mmoja atasoma mara mbili ili ajipime mwenyewe, apishe angalau wiki nne na mpangilio wa picha uchanganywe, vinginevyo anakumbuka.

Tukija kwenye mionzi, hapa fomu na maadili hugongana. Ili kujua kama kipimo kinarudia jibu lilelile, inabidi mtu apigwe picha, ashuke kitandani, apande tena apigwe ya pili. Kwa altrasaundi na MRI hakuna shida ya mionzi, na watu 35 waliopigwa mara mbili wanatoa makadirio ya kosa la kipimo yanayoweza kupungua au kuzidi kwa takriban asilimia 23, kiasi kinachotosha kupanga utafiti mkubwa. Kwa CT hatuwezi. CT ya kifua hutoa karibu milisiveti 6 (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi), wakati mtu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka mzima kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga. Kumwongezea mtu dozi hiyo kwa ajili ya hesabu yetu tu ni vigumu kuitetea mbele ya kamati ya maadili au Tume ya Nguvu za Atomiki. Mahali pa mtu panachukuliwa na fantomu.

Fantomu ni mwili wa bandia: ndoo ya plastiki yenye maji, silinda ya akriliki, au jeli iliyoganda ikiwa na vitu vya kupimwa ndani. Kwa CT, fantomu ya maji inapaswa kusoma 0, ikipanda au kushuka kwa 5 hivi. Ikisoma 12 asubuhi ya Jumatatu, hakuna mgonjwa wa utafiti anayepandishwa mpaka mashine irekebishwe. Kwa altrasaundi maji matupu yana hila yake. Mashine inadhani sauti inasafiri mita 1,540 kwa sekunde, kama kwenye tishu, lakini kwenye maji ya nyuzijoto 25 inasafiri karibu 1,497. Ukipima kina cha milimita 100 ndani ya maji hayo, mashine itaandika karibu 103. Asiyejua hilo atailaumu mashine nzima, au mbaya zaidi, atairekebisha.

Mwenye kudharau fantomu akumbuke kazi ya mwanafizikia Allan Cormack pale Cape Town, mmoja wa waanzilishi wa CT. Mwaka 1957 alipitisha miale ya gama ya kobalti 60 kwenye diski ya alumini iliyozungushiwa mbao, ili kujaribu kama hesabu yake inaweza kuonyesha kilichomo ndani bila kuikata. Hesabu ikaonyesha kitu katikati ambacho yeye mwenyewe hakukitarajia. Alipouliza karakana, akaambiwa katikati ya diski kulikuwa na kipande cha alumini safi, tofauti na aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) iliyokizunguka. Jaribio dogo la diski moja lilikuwa limeona alichofichwa bila kukusudiwa. Alichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeshtuka. Ombi la kuvutia zaidi alilopata la nakala lilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Mhandisi Godfrey Hounsfield aliifikia CT kwa njia yake mwenyewe Uingereza, mgonjwa wa kwanza akapigwa CT mjini London mwaka 1971, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kama diski ya Cormack ingepimwa kwa fomu za leo, ingeulizwa itawafikia wanufaika wangapi ndani ya miezi 12.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano wa juzi tu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kikishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, kiliunda MRI ya nguvu ndogo ya sumaku, militesla 50 (yaani tesla 0.05), kwa kupanga sumaku ndogondogo za kudumu katika pete 23. Vipuri na zana vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwa na mafunzo ya awali ya kazi hiyo walitoka kwenye makasha hadi picha ya kwanza kwa takriban siku 11. Picha hiyo haifikii ya mashine ya tesla 1.5, wala haikuombwa ifikie. Swali lilikuwa kama kifaa kinaweza kujengwa na kujaribiwa hapahapa Afrika kwa mikono ya watu wa hapa, na swali hilo lilijibiwa.

Sasa tuje kwenye saa na fedha, maana ndiko mambo yanakokwama. Ruzuku nyingi ndogo ni za miezi 12, na saa huanza kuhesabu siku ya kusaini mkataba. Lakini kwanza kuna kamati ya maadili ya taasisi, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha ruhusa za kuingia hospitali za mikoa na wilaya, na kama picha zitasomwa nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha data. Hatuziombei hatua hizo zifutwe; zinamlinda mgonjwa. Tunaomba tu saa ianze siku kibali cha maadili kinapotoka. Na asilimia 10 ya fedha itolewe mapema, kabla ya kibali, kwa kazi isiyogusa mgonjwa: ada za vibali, kutengeneza na kupima fantomu, kufundisha wateknolojia wa radiolojia na kujaribu kutoa mafaili. Wafundishwe watatu kwa uchache, siyo mmoja, kwa sababu zamu hubadilika na uhamisho huja bila kubisha hodi.

Bajeti yenyewe tungeipanga hivi kwa mradi wa altrasaundi au eksirei wa Sh milioni 30. Wasomaji wa picha milioni 6. Msaidizi wa data kwa miezi sita milioni 6. Nauli na chakula cha washiriki milioni 5, kwa kuwa mama aliyetoka kijijini kwa bodaboda harudi mara ya pili kwa shukrani tu. Mtakwimu na mfizikia tiba milioni 4.5, na walipwe tangu siku ya kuandika mpango, siyo mwisho wanapoletewa jedwali lililoharibika. Diski, kifaa cha kuhifadhi umeme na fantomu milioni 4. Ada za vibali milioni 1.5. Milioni 3 zinazobaki ziwe akiba, kwa sababu mirija ya eksirei hufa na umeme hukatika. Utaona hakuna semina ya uzinduzi wala kompyuta mpakato za viongozi wa mradi.

Muda wa mashine haumo kwenye hesabu hiyo, nao ndio mchango tunaouomba kwa hospitali. Kwa mradi wa MRI, kwa mfano, watu 35 waliopigwa mara mbili ni vipimo 70, na vya nusu saa kila kimoja ni saa 35. Zikigawanywa Jumamosi za mchana, saa tano kila moja, ni Jumamosi saba. Hospitali ikitoza bei ya mteja wa kawaida, ruzuku nzima inaishia hapo. Ikitoa saa hizo kwa barua yenye tarehe na sahihi kabla ya ruzuku kuombwa, mtoaji wa fedha naye ana uhakika kwamba utafiti una mahali pa kufanyika.

Sharti jingine linalofunga mlango ni lile linalomtaka mwombaji wa mbegu aambatanishe data za awali. Bila data hupewi fedha, bila fedha hupati data. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina aina ya ruzuku, R21, iliyowekwa kwa kazi za uchunguzi wa mwanzo: hadi dola 275,000 za gharama za moja kwa moja kwa miaka miwili, na data za awali hazidaiwi. Kiasi hicho hatukifikii. Kanuni yake tunaweza kuichukua kesho asubuhi bila kuongeza hata shilingi.

Mwisho, matokeo. Kila mradi uandike mapema mipaka mitatu ya rangi. Kwa mfano, picha 85 au zaidi kati ya 100 zikiwa na ubora wa kusomeka, kijani, utafiti mkubwa uandikwe. Kati ya 70 na 84, njano, kasoro irekebishwe na ipimwe tena kwa watu 29. Chini ya 70, nyekundu, tusimame. Mradi ulioishia nyekundu kwa ushahidi safi umeokoa fedha za utafiti mkubwa ambao ungekwama, na kiongozi wake asinyimwe ruzuku ijayo kwa sababu hiyo. Leo nyekundu inaogopwa, hivyo inapakwa kijani, na kosa lilelile linarudiwa na kundi jingine miaka miwili baadaye kwa fedha nyingine za umma. Ripoti ya kurasa nne, ikionyesha kilichokwama na kwa watu wangapi, iwekwe hadharani na mtoaji wa ruzuku ndani ya siku 90.

Kwa hiyo dirisha la maombi lijalo likifunguliwa, tunaomba swali la kwanza kwenye fomu libadilishwe lisomeke hivi: utafiti mkubwa mnaoukusudia unaweza kukwama wapi, na fedha hizi zitapima nini mahali hapo?

Wataalamu wa radiolojia, fizikia tiba na takwimu za afya,
Dar es Salaam